Kibao Kimoja cha Choo na Figo Yangu ya Kushoto

Sitaanza kwa upole. Wengi wanaosimulia ugonjwa wao huanza kwa shukrani, na mimi pia nina watu wa kuwashukuru, nitawafikia. Lakini hasira yangu ndiyo iliyotangulia kufika, na imekaa nami tangu miaka ile ya tisini, kwa hivyo itangulie na hapa.

Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi ya hospitali, ubavu umekukamata, na kila anayekuja kukuona anakwambia kwamba jiwe kwenye figo umejiletea mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi niliambiwa hivyo. Nilikaribia kupoteza figo yangu ya kushoto, na muda huo wote watu walipekua sahani yangu, wakapekua sufuria yangu, wakapekua hata chini ya godoro langu. Nilichokula kilijadiliwa na ukoo mzima. Nilichokunywa hakikuulizwa na mtu, na jibu lingekuwa fupi sana, maana nilikuwa sinywi.

Tuliishi mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba na sebule nyuma ya nyumba ya aliyetupangisha: mimi, mume wangu Wekesa, binti yetu Lilian, na wifi yangu Jentrix, aliyekuja kutoka Bungoma kututembelea wiki mbili na akakaa miaka mitatu. Wekesa alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye maghala ya Viwandani. Mimi nilishona kola kwenye kiwanda cha mashati, Viwandani huko huko. Jina la kiwanda silitaji. Walioshona pale wanakijua, na ambao hawakushona pale bila shaka wana chao.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu ugonjwa wangu ulianzia hapa. Kwenye laini yetu tulikuwa wanawake arobaini, cherehani moja nyuma ya nyingine. Mimi nashona kola, nampitishia Mwende, rafiki yangu kutoka Machakos, aliyeiunganisha na shati. Mimi nikisimama, Mwende hana kazi. Mwende akikosa kazi, anayemfuata anakaa mikono mitupu, hivyo hivyo hadi mwisho wa laini. Na tageti, yaani idadi ya mashati ya siku, haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya laini nzima. Kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi kulining'inia kibao chekundu, saizi ya kiganja cha mkono. Hicho ndicho kilikuwa ruhusa ya kwenda choo. Kibao kimoja, wanawake arobaini, dakika tano. Ukichelewa, msimamizi anapuliza filimbi. Mtu mzima mwenye watoto anapulizwa filimbi kama mbuzi aliyeingia shamba la watu!

Msimamizi tulimwita Mzee Saa, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye saa yake ya mkono wakati wote. Hakuwa mtu wa matusi. Alivaa tai, alikuwa mzee wa kanisa, na alituombea Ijumaa kabla ya kazi. Angetutukana labda ningemwelewa mapema.

Basi tukajifunza kukauka. Hakuna aliyetuamuru tusinywe maji, hilo nakubali, lakini nani atakunywa maji halafu aombe kibao mara nne na kuangusha wenzake tageti? Mwanamke aliyekaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni bila kugusa kibao alisifiwa. "Huyo ni chuma," tulisema. Mimi nilikuwa chuma miaka minne. Nilijivunia, mjinga mimi! Asubuhi nilikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, nyeusi kabisa, ya kunishikilia. Mchana nilitafuna njugu karanga zenye chumvi kutoka kwa mama aliyekaa nje ya geti. Kinywa kikikauka, niliweka kipande cha odowa.

Odowa ni yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, ambayo wanawake wengi hutafuna wakiwa wajawazito. Mimi niliyaanza na mimba ya Lilian, na sikuyaacha, kwa sababu kipande kidogo shavuni kilileta mate, na mate yalinidanganya kwamba sina kiu. Nusu ya laini yetu walikuwa hivyo. Ungetusikia tukitafuna kama kuku wanaodonoa mabati.

Na jioni, kila tulipotoka getini, mama mmoja mlinzi alitupapasa mwili mzima, kifua, kiuno, hadi kwenye kitambaa cha kichwa, kuhakikisha hatujabeba kifungo wala uzi. "Mali ya kampuni haitoki," alikuwa akisema, kila siku, kila mwanamke. Mara arobaini kwa laini yetu tu.

Maumivu ya kwanza yalinipata mwezi wa saba, wakati wa baridi, Alhamisi, kola ikiwa chini ya sindano. Yalianzia mgongoni upande wa kushoto, yakashuka kwa mbele hadi kwenye kinena. Nimezaa mtoto wa kilo nne bila sindano ya ganzi, kwa hivyo usinifundishe maumivu. Uchungu wa kuzaa unakuachia upumue. Huu haukuachi. Nilitapika ndani ya boksi la vipande vya kitambaa, nikaanguka magoti. Mzee Saa akaja na kibao mkononi, akaninyooshea yeye mwenyewe. Miaka minne, ndiyo mara yake ya kwanza kunipa bila kuombwa.

Mwende alinishika mkono hadi kliniki moja kando ya barabara ya Outer Ring. Nairobi ya wakati ule, ungeingia kliniki na ukucha uliokatika ungetoka na malaria na taifodi. Mimi nilipewa zote mbili. Nilidungwa sindano siku tano. Maumivu yakapoa, nikarudi kazini, nikasema Bwana asifiwe. Mwezi wa tisa yakarudi, nikapewa malaria na taifodi tena. Mwezi wa kumi mkojo wangu ulikuwa na damu, na yule mhudumu akafungua mdomo akasema, "Mama, hii taifodi yako ni sugu." Nilitoka bila kuchukua dawa.

Hospitali kubwa ya serikali ndiyo iliyonipiga eksirei. Benchi ya pale naijua kuliko kiti changu cha nyumbani. Ilikuwa ya mbao, imelainishwa na makalio ya watu, na kila mtu alisogea mgonjwa mmoja akiingia, kwa hivyo hata ukisinzia mwili unajua kusogea. Nilikaa tangu asubuhi hadi saa nane. Daktari aliinua picha kwenye dirisha, akaniambia kuna jiwe kwenye figo ya kushoto, saizi ya punje ya haragwe, na figo imeanza kuvimba kwa sababu njia inazibwa. Litatolewa kwa upasuaji, na lisipotolewa mapema figo itakufa. Nikamuuliza jiwe limetoka wapi. Alikuwa ameshaanza kuandika jina la mgonjwa mwingine. "Angalia chakula chako, mama," akasema.

Angalia chakula chako! Maneno matatu hayo ndiyo yaliyonichoma nyumbani kuliko kisu. Nilipomwambia Wekesa jioni hiyo, Jentrix alikuwa anaosha vyombo. Alikausha mikono, akaingia chumbani kwetu, akatoka na karatasi ya gazeti aliyoitoa chini ya godoro langu. Akaifungua mezani polepole, kama askari anayeonyesha bangi.

"Kaka," akasema, "mawe ndiyo haya. Bibi yako anakula mawe."

Wekesa aliangalia ile odowa, akaniangalia mimi, kisha akaangalia viatu vyake. Afadhali angepiga kelele.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akafika kutoka Bungoma kwa basi, na jogoo ndani ya kikapu. Tukaketishwa. Nakumbuka niliwekwa kwenye stuli, na wao kwenye viti.

"Nafula mwanangu," mama mkwe akaanza, kwa ile sauti ya huruma inayouma, "mwanamke mzima, mama wa mtoto, ale mawe? Kwani Nairobi chakula kimeisha?"

"Mama, ni ya kutafuna tu. Hata wengine..."

"Wengine siwajui. Mimi nimekulea kama binti. Sasa umejijaza mawe tumboni, na mtoto wangu ndiye atalipia kisu."

Niliomba msamaha. Haki ya Mungu, niliomba msamaha! Nilipiga magoti kwenye sakafu ya sebule yangu nikaomba radhi kwa kuwa mgonjwa. Hasira yangu, kama unatafuta ilipozaliwa, ilizaliwa pale, ingawa siku hiyo niliiona kama aibu.

Kutoka hapo kila mtu akawa daktari wa chakula. Dada mmoja wa kanisa akasema niache maziwa, maana maziwa yana chokaa na chokaa ndiyo inaganda. Nikaacha maziwa. Jirani akasema damu imenipungua, nile terere na spinachi kila siku. Nikala majani hadi meno yakawa yanakwaruza. Rafiki yake Wekesa akasema pombe inasukuma mawe, akaniletea chupa mbili zimefungwa kwa gazeti, mimi mama wa kwaya! Nilikunywa moja nimefumba macho, nikalala saa kumi za mchana, jiwe likabaki pale pale. Odowa niliacha siku ile ile ya kikao. Chai ya rangi hakuna aliyenikataza. Chumvi hakuna aliyenikataza. Na kazini niliendelea kuwa chuma.

Mvua ya El Niño ikaingia. Wale mnaokumbuka mnakumbuka. Umoja ilikuwa maji kila mahali, tulivuka mbele ya nyumba kwa mawe ya kukanyagia, viatu mkononi. Mji mzima umelowa, na mimi ndani yangu ni mkavu kama mtungi uliopasuka. Upasuaji uliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshavaa gauni lao na sijala tangu jana yake, nikaambiwa hakuna nyuzi. Hakuna nyuzi! Mimi ninayekaa kwenye nyuzi mchana kutwa, na ninapapaswa jioni nisibebe hata moja.

Homa ndiyo iliyonisukuma mbele ya foleni. Mwezi wa kwanza, jua limerudi, nilianza kutetemeka juani na sweta mbili. Usaha ulikuwa umeingia kwenye figo. Nilipasuliwa kesho yake. Nilipoamka nilikuwa na mshono kutoka kwenye mbavu za mgongoni hadi karibu na kitovu, mpira mmoja ubavuni, mwingine wa mkojo, na sauti imekauka. Nywele zilinitoka kwa mafungu mwezi uliofuata. Upande ule wa tumbo hadi leo umelegea, unatokeza nguo ikibana, na kwa muda mrefu Wekesa hakuweza kuuangalia.

Lakini nilisema nitawafikia wa kushukuriwa. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mzee wa Kitui mwenye ugonjwa wa moyo. Aliona nimelala na gauni lililopasuka nyuma, akanitupia leso yake ya kujifunga. "Jifunike mwanangu, mgongo si wa umma." Alikufa kabla sijatoka, na watoto wake wakasema nibaki nayo. Mwende alikuja kila Jumapili na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Na daktari aliyenipasua, mtu wa maneno machache, aliniletea jiwe langu ndani ya kichupa kidogo cha dawa. Lilikuwa la kahawia, la kukwaruza, lina ncha kali. Nilishangaa udogo wake. Nilitaka kulitukana lakini sikupata tusi la kulitosha.

Halafu akaja dada Kemunto. Huyu alikuwa mtu wa lishe wa wodi, mwanamke mnene wa Kisii mwenye kalamu sikioni. Alivuta kiti, akakaa. Hilo peke yake lilikuwa ajabu, mtu wa hospitali kukaa. Nikaanza kukiri kabla hajaniuliza.

"Dada, nilikuwa nakula odowa. Nimeacha."

"Vizuri umeacha. Inakula damu ya mtu na inaleta minyoo. Lakini siyo hiyo iliingia kwa figo."

"Si ni mawe?"

"Mama Lilian, ukila haragwe, linafika kwa figo likiwa haragwe? Chakula kinasagwa, kinaingia kwa damu, na figo inachuja maji. Jiwe linajengwa huko huko ndani, chumvichumvi zikikosa maji ya kuzibeba. Sasa niambie siku yako. Anza ukiamka."

Nikamwambia. Chai ya rangi. Njugu zenye chumvi. Terere kila siku. Maziwa nimekatazwa. Alikuwa anaandika, akasimamisha kalamu.

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Ya kunywa, mama. Kutoka asubuhi hadi jioni unakunywa bilauri ngapi?"

Nikamweleza kibao. Nikamweleza laini, tageti, filimbi. Nikamwambia odowa nilitafuna kwa kiu. Dada Kemunto alivua miwani, akapangusa, akaivaa tena.

"Na mkojo wako ni wa rangi gani?"

"Kama chai ya rangi."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Ai!" akasema. Na mimi nikaanza kulia, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilipiga magoti kwenye sebule yangu bure.

Alichonifundisha siku hiyo nakupa wewe bila malipo, na uende ukathibitishe na daktari wako, maana mawe si ya aina moja. Kwanza maji, mengi, yakigawanywa siku nzima, hadi mkojo uwe mweupe kama maji ya ndimu. Kamulia ndimu au limau humo kama unalo, linasaidia. Chumvi ipunguze, pamoja na ile iliyojificha kwenye njugu na viungo vya paketi. Nyama na omena, wale dagaa, usizifanye mlima kwenye sahani. Terere, spinachi, njugu karanga na chai nzito vina kitu kinachojenga jiwe la aina yangu, kwa hivyo alisema niviguse mara moja moja, si kila siku kama dawa. Sukuma wiki na kabichi havikuwa na neno. Na maziwa, niliyoyaacha kwa ushauri wa kanisa, alisema niyarudishe pamoja na chakula, kwa sababu yanakamata kile kitu tumboni kabla hakijafika kwenye figo. Yaani nilikuwa nimeacha kilichonisaidia nikashika kilichoniua, na watu wakanipongeza kwa bidii!

Niliporudi nyumbani nilimwambia Jentrix yote. Akasema, "Lakini mawe si ulikula?" Nikamwacha. Kuna watu wanaopenda kosa lako kuliko wanavyokupenda wewe.

Kazini nilirudi mwezi wa tano na barua ya hospitali. Mzee Saa aliisoma mara mbili.

"Mama Lilian, pole sana. Tulikuombea. Hii inasema ukunywe maji siku nzima."

"Ndiyo."

"Utakuwa unaenda choo mara ngapi?"

"Mara tano, sita hivi."

"Na kibao ni kimoja."

"Si muongeze."

Akacheka kidogo, kama mtu mwema. "Nikikuruhusu wewe leo, kesho wote arobaini wataniletea barua ya kukojoa." Akakunja barua yangu, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Nilijaribu. Nilileta chupa ya maji, nikaiweka sakafuni kwa sababu mezani ilikatazwa. Nilichukua kibao asubuhi, nikachukua tena saa tano, na tena baada ya chakula. Filimbi ilinililia. Lakini si filimbi iliyonishinda. Nilishindwa na wenzangu. Nikisimama tu, nyuma yangu nasikia wakisonya. "Ameenda tena huyo." Hata Mwende, Mwende wangu wa uji, alinong'ona, "Woi, dada, tageti." Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto watatu. Baada ya wiki tatu chupa yangu ilirudi nyumbani ikiwa imejaa vile ilivyokuja, na nikawa chuma tena. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu nilijua. Mara ya kwanza sikujua, mara hii nilijua.

Mwezi wa nane nilirudi kliniki ya ile hospitali kubwa kuangaliwa. Daktari yule wa maneno machache alipitisha mashine tumboni, akatazama kioo, akanigeuzia nikione na mimi.

"Changarawe zimeanza tena. Figo hii ina kovu, mama. Ikiziba mara nyingine hatutatoa jiwe. Tutatoa figo."

Nilienda nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilimkuta Wekesa nje anaosha viatu vya Lilian. Nikamwambia maneno ya daktari, na mara ya kwanza nikamweleza kibao, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza brashi mkononi.

"Unaomba ruhusa?" akauliza. "Kukojoa?"

"Miaka mitano sasa."

"Sisi kule ghalani mtu anaenda nyuma ya lori wakati anataka, hakuna wa kumuuliza." Akaweka kiatu chini. "Na mimi nilikaa pale nikaacha mama akugombeze juu ya odowa."

"Ulikaa."

"Nilikosea, Nafula." Akarudisha brashi kwenye ndoo. "Acha hiyo kazi. Kola utashona hata hapa kwa veranda. Figo haiuzwi sokoni Gikomba."

Usiku huo Jentrix alituma mtu wa maji atuletee mtungi wa ziada, bila kusema ni wa nani. Ulikuwa wangu. Sikumshukuru, lakini nilikunywa.

Najua unataka kujua kabla sijamaliza: figo ipo. Imepoteza nguvu kidogo, na kila mwaka naipeleka ikatazamwe, lakini ipo. Cherehani ilikaa kwenye veranda Umoja kwa miaka mingi, nikishona sare za shule, na mtungi wa maji ulikaa kando yake. Choo kilikuwa hatua saba kutoka kitini, na nilikwenda nilipotaka.

Siku yangu ya mwisho kiwandani ilikuwa Jumatatu. Niliweka chupa ya maji juu ya meza, si sakafuni, nikainywa karibu yote kabla ya saa nne. Nikatazama msumarini. Kibao hakikuwepo, kilikuwa na mtu. Nikasimama nikaenda bila kibao. Filimbi ililia mara moja, nikaendelea kutembea. Ikalia tena nikiwa ndani, nimekaa, nimetulia, natumia dakika zangu. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikarudi.

Cherehani zilikuwa zimenyamaza. Nilipita cherehani yangu, nikaenda hadi meza ya Mzee Saa, nikatoa kile kichupa kwenye mfuko wa aproni, nikakiweka juu ya daftari lake. Jiwe likagonga kioo.

"Hii nini?"

"Ni mali ya kampuni," nikamwambia. "Nilikaa nayo ndani ya figo miaka minne. Ilitengenezwa hapa hapa, kwenye kiti chenu. Mama wa getini alinipapasa kila jioni na hakuiona."

Akaangalia saa yake. Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogezwa, nikageuka, nikaona Mwende amesimama. Alichukua chupa yangu iliyobaki na maji kidogo chini, akayanywa mbele ya watu wote, kisha akaanza kutembea kuelekea chooni.

Nilivua aproni nikaiacha pale. Sikungoja kuona kama filimbi italia. Getini, mama mlinzi alinijia mikono ikiwa imeshanyooshwa, kama kawaida yake, saa nne na nusu za asubuhi. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Usinishike," nikamwambia. "Leo sina kitu chenu."